Ngoma Kubwa Ndani ya Nyumba ya Mbao

Siku ile watu wa avenyu yao walipokimbia bila sababu, Kahindo Émérance alikimbia pamoja nao, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Alikuwa anatoka bombani saa nne asubuhi, bidoni ya maji mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso, aliposikia mlipuko wa kwanza. Wa pili ukafuata, mzito, hata mabati ya nyumba za jirani yakatetemeka. Hakungoja. Aliitupa bidoni, akageuza njia, akaingia katika mbio za wenzake kuelekea mjini, kwa kuwa vita ilikuwa upande wa Sake na kila mtu wa Ndosho, mtaa wao wa pembeni mwa Goma, alishapanga zamani atakimbilia wapi siku hiyo ikifika. Mbele yake mwanamke alikuwa na godoro kichwani. Nyuma yake mzee mmoja alikimbia na kiatu kimoja, akiomba samahani kwa kila aliyemgonga.

Wa tatu. Wa nne. Hapo katikati ya mbio sikio la Émérance likafanya kazi liliyoizoea kwa miaka kumi na tisa ya kuongoza kwaya ya parokia: likatafuta noti. Mlipuko ule ulikuwa re. Na ule uliotangulia ulikuwa re, ileile, bila kupanda wala kushuka. Mabomu ya Sake walikuwa wameyasikia tangu Februari, na hayakuwahi kukubaliana hata siku moja.

Akasimama. Watu wakampita kulia na kushoto. Re ile aliijua. Aliiweka mwenyewe jana yake, kwa kidole chake, ndani ya kompyuta iliyokuwa juu ya meza nyumbani kwake.

"Si bombe," akasema, kwanza kwa sauti ndogo ya mtu mwenye aibu, kisha akapaza ile sauti anayowaitia waimbaji wa mstari wa nyuma. "Musikimbie. Si bombe, ni kwangu."

Hakuna aliyesimama kwa ajili yake. Walisimama wenyewe baadaye kidogo, walipoona wa tano hauji, wakaanza kurudi polepole na magodoro yao, wakitazamana kama watu waliokutwa wakifanya kitu cha siri.

Nyumbani alimkuta mume wake, Kakule Adalbert, amepiga magoti mbele ya bafle kubwa ya kupazia muziki, anang'oa nyaya. Bafle ile ilikuwa ya minibasi yake. Miaka saba ilipiga muziki kati ya Goma na Rutshuru, mpaka waasi walipoifunga barabara na minibasi ikabaki nyuma ya nyumba, imepandishwa juu ya mawe, kuku wakilala chini yake. Sasa Adalbert alikuwa ameileta mlangoni, ameielekeza barabarani, na ameiunganisha na kompyuta ya mke wake.

"Nilitaka basikie kidogo tu," akasema bila kuinua uso.

"Nani basikie?"

"Majirani. Bajue kwetu kazi iko."

Émérance alikuwa na maneno mengi ya kumjibu, lakini mtu alikuwa anaita nje. Mama Asumini alikuwa ameanguka. Mama huyu mjane, ambaye wazazi wake walitoka Maniema kufanya biashara wakabaki, alikaanga mandazi kwenye kona ya avenyu kila asubuhi. Alipokimbia aliteleza juu ya yale mawe meusi ya volkano ambayo Goma nzima imejengwa juu yake, na mkono wa kulia ukavunjika mahali pawili.

⁂

Saa nane mchana Mirindi, chefu wa avenyu, aliweka kiti chake mbele ya nyumba ya mbao ya Émérance na Adalbert. Watu walijaa mpaka kwenye ua wa jirani. Mama Asumini aliletwa kutoka kituo cha afya, plasta nyeupe imefika juu ya kiwiko, akapewa kiti cha pili. Adalbert na Émérance walisimama.

"Mama Jephté," Mirindi akaanza, kwa maana ndivyo walivyomwita, kwa jina la mtoto wake mkubwa aliyekuwa anasoma Butembo. "Eleza batu basikie. Ile kitu ni nini?"

"Ni muziki, chefu. Banaitaka banque de sons. Huko Ulaya banakusanya batu ya orchestre mu salle, banarekodi kila mutu, noti moja moja. Mi nikifinya hapa, mule ndani inalia."

"Na bombe, balirekodi kwa nani?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, na watu wakacheka, ijapokuwa si kwa wema.

"Si bombe, papa. Ni ngoma. Ngoma kubwa za shaba, kumi na mbili, banazipiga pamoja."

"Mutoto wangu alijikojolea," mwanamke mwingine akasema. Hakusema kwa hasira. Aliitoa kama habari tu, na kicheko kikaisha.

Adalbert akafungua kinywa. Alitaka kusema kwamba kosa ni lake, kwamba mke wake alikuwa hayupo, kwamba siku zote mke wake husikiliza kwa vile vya masikioni, hata majirani hawajui kama yuko macho. Yote hayo yalikuwa kweli, na yalitoka kwa sentensi moja isiyosikika vizuri. Mirindi alimsikiliza kwa heshima, kisha akatoa uamuzi wake.

Faini hakuitaka. Pale avenyu walikuwa na desturi yao: kitu ulichomharibia jirani, unakitoa wewe mpaka chake kitengenezwe. Ukimvunjia mtu mlango, unalala mlangoni pake.

"Mama Asumini anakulaka na ule mukono," akasema. "Basi hii nyumba itamupa mukono, kila asubuhi, mupaka plasta itoke. Ya pili: siku ingine mukitaka kupiga ile ngoma, mutapita nyumba kwa nyumba, muambie kila mutu mbele. Sawa?"

"Sawa, chefu," Émérance akajibu.

"Mukono wa nani?" Mama Asumini akauliza. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Juu huyu mama iko na kazi yake."

Watu wote wakamtazama Adalbert, dereva wa minibasi.

⁂

Kazi yenyewe ya Émérance ilikuwa hii. Bwana Cirimwami, mwenye kampuni ndogo ya kutengeneza filamu kule Himbi, alikuwa anamalizia filamu ya ukumbusho wa mlima: miaka mitatu tangu Nyiragongo iteme moto, tarehe ishirini na mbili ya Mei. Alimsikia Émérance kwenye misa moja, akauliza ni nani aliyeandika wimbo ule, akaambiwa ni yule mama aliyesimama mbele. Alimpa dakika ishirini na mbili za muziki wa kuandika. Malipo yangelipa kodi ya nyumba mpaka Desemba na ada ya Jephté, na jina lake lingeandikwa mwishoni mwa filamu, jambo ambalo hakumwambia mtu kwamba analitaka.

Kompyuta ilikuwa ya Cirimwami, alimwazima. Na ndani ya diski aliweka benki mbili za sauti za kujaribu, moja kubwa na moja ndogo, akasema Jumatatu aje amwambie amechagua ipi, ili ainunue. Aliposema hivyo alitabasamu, kwa maana kwake jibu lilikuwa linajulikana.

Émérance alizijaribu kwa njia aliyoijua. Mwimbaji mpya akija kwenye kwaya yake, hamwombi apaze sauti. Anamwomba ashike noti moja taratibu kisha aiache, naye anasikiliza anavyoiacha. Basi akawashikisha wazungu wale noti moja moja, akainua kidole, akasikiliza.

Ile kubwa ilirekodiwa ndani ya ukumbi mpana mfano wa kanisa kuu. Ukiinua kidole, vayolini hamsini zinaendelea kuelea, zinapotea taratibu kwa fahari, na mtu anabaki ameshika pumzi. Ilikuwa na kila kitu, hadi ngoma ambazo hakujua majina yake. Ukweli usemwe: aliipenda. Zile ngoma za shaba aliziweka kwenye re kwa furaha, akazisikiliza masikioni mwake mara kumi, akatikisa kichwa peke yake chumbani. Hakuwaza bomu hata kidogo. Aliwaza namna zinavyozibeba sello, zile vayolini kubwa za sauti nzito, juu yake.

Ile ndogo ilikuwa ya wapiga nyuzi kumi na wanne, filimbi mbili na tarumbeta moja, wamerekodiwa karibu, ndani ya chumba cha kawaida. Ngoma hakuna. Ukiinua kidole, sauti inakoma hapohapo, kama inavyokoma sauti ya mtu ndani ya nyumba ya mbao. Na kwenye noti moja ya sello, ile iitwayo la, ya chini, kulikuwa na kasoro: kabla ya upinde kugusa uzi, unasikia mtu anavuta pumzi. Mwanzoni ilimkera.

"Kama mi," Adalbert akasema Jumapili, wakiwa wanakula, "nachukua kubwa. Iko na yote. Ile ndogo na kubwa, unalipwa sawasawa?"

"Sawasawa."

"Na Cirimwami anataka gani?"

"Kubwa. Alisema anataka batu batetemeke."

"Basi."

"Adalbert, mi nilikimbia," akasema. "Ngoma ni yangu, mi njo niliiweka, na nilikimbia. Nilitupa bidoni ya maji. Bidoni iliibiwa."

Adalbert akachukua tonge jingine. Vidole vyake vilikuwa na malengelenge ya mafuta, kwa maana alikuwa ameshakaanga asubuhi tatu. Siku ya kwanza aliunguza nusu ya unga, na madereva wenzake waliopita na pikipiki za kukodi, kwa kuwa wao waliuza magari mapema, walimpigia honi na kumwita Mama Adalbert. Alimaliza kula, akaenda nje kuangalia minibasi yake.

⁂

Jumatatu, kule Himbi, mlinzi wa getini alimtazama viatu vyake kwanza.

"Kwa kazi ya kufagia, bashapata mutu, mama."

"Nimekuja kwa Bwana Cirimwami. Ni juu ya muziki."

Mlinzi, jina lake Jafari lilikuwa limeshonwa kwenye kifua cha sare, akamfungulia bila kuomba msamaha, akamwandikisha kwenye daftari la wageni. Ndani, dirisha lilitazama ziwa. Cirimwami aliinuka kwa adabu, akamvutia kiti, akamwita Maman Chorale, Mama Kwaya, kama kawaida yake.

"Alors. Tumechagua?"

"Nilitaka tusikilize pamoja, Bwana. Ile mahali mulima unapasuka."

Akamwekea kwanza ile ndogo. Nyuzi kumi na nne zilipanda taratibu, hakuna kilicholipuka, na picha ya moto ikapita juu ya nyumba za Buhene, kaskazini mwa mji, kana kwamba mtu anaitazama kutoka mbali, haamini. Cirimwami alisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye kidevu.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini mi naomba nikuambie kitu. Siku ile mi sikukuwa hapa. Nilikuwa Kinshasa. Niliona kwa simu tu, nikala, nikalala. Nataka mutu kama mi, asipate kulala. Unaelewa? Hii yako inanihurumia. Mi sitaki kuhurumiwa."

Émérance alielewa. Hata alimwonea huruma, na hiyo ilimharibia maneno aliyokuwa ameyapanga juu ya pikipiki.

"Lakini filamu itaanza kuonyeshwa Ndosho, Bwana. Mu salle ya parokia. Batu bale bote balikuwa hapa. Na sasa kuko bakimbizi ya Sake na Masisi. Ile ngoma ikipigwa, batakimbia. Kwetu balishakimbia. Mama moja alivunjika mukono."

"Kwa sababu ya muziki?"

"Juu ya muziki."

Cirimwami alicheka kidogo, si kwa dharau, bali kama mtu aliyeambiwa kitu cha kupendeza. "Tujaribu. Niko na bafle nzuri hapa. Weka ngoma."

Hapo Émérance angeweza kumshinda. Dirisha lilikuwa wazi, geti lilikuwa hatua kumi na tano, na jikoni mama mpishi alikuwa anaimba peke yake. Kilichotakiwa ni kubonyeza tu, na Cirimwami angeona mwenyewe jinsi watu wanavyokimbia. Lakini alikumbuka yule mama aliyesema mtoto wangu alijikojolea, na miguu yake ikainuka yenyewe.

"Dakika moja," akasema.

Alitoka mpaka getini. "Papa Jafari, kutakuwa makelele. Ni ngoma ya muziki, usiogope." Akapita jikoni. "Mama, samahani, jina?" "Fatouma." "Mama Fatouma, tunapiga ngoma sasa hivi. Ni ya filamu, hakuna shida." Kisha akarudi, akaketi, akabonyeza.

Ngoma kumi na mbili za shaba zilipiga re, mara nne. Vioo vya dirisha vililia. Nje hakuna aliyepiga kelele. Mama Fatouma akaingia na chai, akaweka vikombe mezani, hata tone halikumwagika.

"Voilà," Cirimwami akasema. "Umeona? Batu ya Goma banashazoea."

"Banazoea juu nilibaambia mbele, Bwana."

"Basi tutaandika kwenye affiche ya ukutani."

"Kambini, nani atasoma affiche?"

Cirimwami akanywa chai yake. Alikuwa mtu mpole na hakupenda kusema maneno magumu, kwa hiyo aliyasema haraka. Alikuwa na kijana Bukavu, anafanya kazi vizuri, ile benki kubwa anayo tayari. Angependa Maman Chorale afanye kazi hii, lakini ngoma lazima ziwemo. Angengoja jibu lake mpaka kesho saa sita.

Getini Jafari alichelewa kufungua kufuli. Funguo ziligongana mkononi mwake.

"Mama," akasema chini chini, "aksanti ya kuniambia. Lakini hata vile uliniambia, nilishaangalia ukuta, nitarukia wapi."

Émérance akageuka kuelekea nyumba. "Kuja umwambie Bwana."

"Hapana. Mulinzi mwenye kuogopa, nani anamulipa? Niko na batoto. Usimuambie, mama. Nakuomba."

Basi hakumwambia.

⁂

Jumanne asubuhi alikaa mbele ya simu. Alikuwa ameandika meseji: Bonjour Bwana, nimechagua ile ndogo, bila ngoma. Hakuituma. Alihesabu miezi mpaka Desemba, akaifuta, akaiandika upya. Kilichomzuia hakikuwa Cirimwami. Alikuwa hajui atamwambia nini mume wake, ambaye saa hiyo alikuwa kwenye kona anageuza mandazi ya mwanamke mwingine mbele ya mji mzima.

Huko kwenye kona Adalbert alikuwa ameanza kuiweza kazi. Mama Asumini aliketi karibu naye kwenye kigoda, plasta juu ya goti, anamwelekeza kwa kidevu. Saa moja na nusu, mbali, upande wa Sake, mabomu ya kweli yakasikika, mawili, mepesi kama mtu anayefunga mlango nyumba ya tatu. Wateja wakanyamaza, wakasikiliza, wakaendelea kununua.

Mama Asumini alikuwa amesimama. Adalbert hakumwona akisimama. Alikuwa ametoka hatua mbili kwenye barabara, kigoda kimeanguka, na macho yake yalikuwa yanashangaa kama ya wengine.

"Kaa, mama. Ni mbali."

"Najua ni mbali," akasema. "Mi sikuogopa. Ni hii miguu. Hainiulizaka tena." Akarudi, akajaribu kuinua kigoda kwa mkono mmoja, Adalbert akamwinulia. "Siku ya ngoma yako pia haikuniuliza. Nilikuwa nimeketi, nikajikuta chini."

Ngoma yako. Hakuisema kwa ubaya. Adalbert aligeuza mandazi matatu yaliyobaki, akayatoa, akaomba ruhusa ya dakika kumi.

Aliingia nyumbani na unga mpaka kwenye viwiko. Émérance alificha simu chini ya kitambaa cha meza, kama msichana.

"Usitie ile ngoma," Adalbert akasema.

"Na nyumba, tutalipa na nini?"

"Sijuwe. Usiitie."

Akamtazama mume wake. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa amemwona akipungua, siku baada ya siku, nyuma ya nyumba na minibasi yake, na hakujua kama bado kuna mtu ndani ambaye angeweza kumwambia kitu kama hicho. Alitaka kulia, na alilia kidogo. Kisha akatoa simu chini ya kitambaa, akaituma ile meseji mbele yake.

Jibu lilikuja kabla Adalbert hajafika tena kwenye kona, fupi, la kuaga kwa adabu. Bien reçu, Maman. Bonne continuation. Mchana kijana alikuja na pikipiki kuchukua kompyuta na diski.

⁂

Wiki ile ile Adalbert alikodi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akaipandisha bafle juu yake, akaenda nayo sokoni. Alirudi na kompyuta ya mitumba, kitufe kimoja hakifanyi kazi, na chenji iliyotosha kununua ile benki ndogo kupitia kadi ya mwimbaji mmoja wa kwaya aliyekuwa na akaunti.

"Juu ya nini?" Émérance akauliza. "Filamu imeshaenda."

"Ulishaichagua. Sasa uichukue." Kisha akaongeza, akiwa anafuta chukudu vumbi ambalo halikumhusu, "Na bafle ile, sikutaka kuiona."

Kuishusha ile benki kwa mtandao kulichukua siku sita, umeme ukija na kwenda. Walihamia vyumba viwili kutoka vitatu, chumba cha tatu akakipanga mtu mwingine. Émérance alianza kuandika kitu kidogo cha misa ya marehemu wa mlima, si cha kuuzwa. Mama Asumini alikuja mchana mmoja kuleta mabaki ya mandazi, akaona vile vya masikioni, akaomba asikie kidogo ile kitu iliyomvunja mkono.

"Si ile, mama. Hii ni ndogo."

Alimvalisha taratibu juu ya kitambaa cha kichwa. Mama Asumini alisikiliza amefumba macho. Kabla sello haijaingia, akainua kidole cha mkono mzima.

"Nani anavuta pumzi?"

"Mutu wa Ulaya. Ni kosa, lilibakia mule ndani. Nilitaka kulitoa."

Mama Asumini akasikiliza tena, mara ya pili, ya tatu.

"Usimutoe," akasema. "Huyu anaogopa kukosea. Muache."

⁂

Mwanzoni mwa Mei mabomu ya kweli yaliangukia kambi za wakimbizi, upande huohuo wa magharibi mwa mji, na watu walizika. Walidhani filamu itaahirishwa. Haikuahirishwa. Tarehe ishirini na moja affiche zilibandikwa kwenye ukuta wa parokia: filamu ya ukumbusho, kesho saa tisa, kiingilio bure. Nje ya ukumbi mafundi waliweka bafle nne, kwa ajili ya watu ambao hawatapata nafasi ndani.

Émérance alizitazama bafle zile jioni akitoka mazoezi. Alirudi ndani, akawaambia waimbaji wake wasiende nyumbani kwanza. Kesho yake, tangu saa kumi na mbili asubuhi, watu ishirini na wawili wa kwaya waligawana avenyu, na Adalbert, baada ya mandazi, akachukua upande wa kambi. Walipita mlango kwa mlango, hema kwa hema, jinsi Mirindi alivyowaamuru siku ile, ijapokuwa ngoma za leo hazikuwa zao.

"Hodi. Leo saa tisa kutakuwa makelele kule parokia. Ngoma kubwa. Ni ya filamu, si bombe. Musikimbie."

"Ni yenu?" wengine waliuliza.

"Hapana. Tunawaambia tu."

Mpaka saa nane na nusu sauti ya Émérance ilikuwa imekauka. Aliketi katikati ya ukumbi, Adalbert kushoto kwake, Mama Asumini kulia. Plasta ilikuwa imetoka siku mbili kabla, mkono umepauka na kukonda, bado hauwezi kukanda unga. Madirisha yalifunikwa kwa maturubai. Cirimwami alikuwa amesimama pembeni, suti ya kijivu, anatazama watu kuliko anavyotazama filamu.

Mlima ukapasuka. Ngoma kumi na mbili za shaba zikapiga, ndani na nje, hadi mbao za dari zikadondosha vumbi. Zilipiga tena. Zikaendelea, kwa maana kijana wa Bukavu aliziweka nyingi kuliko Émérance alivyokuwa amewaza. Watu mia tatu walikaa kwenye mabenchi yao, mikono magotini, wametulia kama kwenye misa. Hakuna aliyekimbia. Hakuna mtoto aliyelia.

Mwishoni, kabla taa hazijawashwa, Cirimwami alikuja mpaka kwenye benchi lao, akainama kwa adabu. Alikuwa amefurahi kweli, na hakuwa na kinyongo.

"Maman Chorale, uliona? Hata mutu moja hakuogopa."

Émérance alifungua kinywa, lakini sauti yake ilikuwa imebaki kwenye milango ya Ndosho. Chini ya kitenge, Mama Asumini alikuwa bado ameushika mkono wa Émérance kwa ule wake wa kulia, uliotoka kwenye plasta juzi. Kwa kila ngoma ulikuwa umebana, ukaachia, ukabana tena, na sasa ngoma zilikuwa zimenyamaza na ulikuwa bado unabana.

"Niliona, Bwana," akasema kwa kunong'ona, akauacha ubane.